Safu Mbili Nilizoziacha Tupu

Kazi yangu ya kwanza katika skuli ya watoto wadogo ilikuwa kumtizama mtoto mmoja tu. Nilipoambiwa hivyo nikacheka. Nimelea wanne wangu na watatu wa marehemu dada yangu, nimesimamia harusi za watu bila ya kukaa kitako tangu asubuhi mpaka magharibi, leo niambiwe msichana mmoja wa miaka minne ni kazi ya mtu mzima? Nikamwambia mama yangu hiyo si kazi, hayo ni mapumziko. Mama akanitizama juu chini, akasema, "Haya. Utanambia wiki ijayo."

Skuli yenyewe ni nyumba ya ghorofa mbili huku Mabela, nje kidogo ya Maskati, iliyojengwa kwa ajili ya familia na familia haikuingia. Sebule ndiyo darasa, jiko limekuwa chumba cha rangi na gundi, na uani kumetandikwa majani ya plastiki kwa sababu jua la huku halikubakishii jani la kweli. Watoto wanatuita abla, ndivyo wanavyoitwa walimu wanawake kwa Kiarabu cha huku, na mkuu wetu tunamwita mudira. Mudira ni mtu wa bara ya Oman, wa huko milimani, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji, kwa hivyo kila nitakalosema nimezungumza naye hapa lilisemwa kwa Kiarabu. Ni mwanamke wa haki lakini hapotezi neno.

Siku ya mwanzo mama wa mtoto alikaa mbele ya meza ya mudira, na mimi nimesimama mlangoni. Mwanamke wa umri wa binti yangu mkubwa, bado ana kitambulisho cha ofisi shingoni, anafanya kazi serikalini. Ni watu wetu, ukoo uliotoka Unguja kama wangu, nilijua kwa namna alivyomwambia mtoto "hebu kaa vizuri, mwanangu" kabla hajageuka kuzungumza Kiarabu. Skuli mbili zilikwishamwambia amchukue mwanawe arudi naye nyumbani. Mtoto hasemi, hakai na wenzake, ukimshika anapiga kelele. Mudira akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia wazi: tutampokea mpaka likizo ya nusu mwaka. Ikifika siku hiyo na bado hatujui anataka nini na hataki nini, na hawezi kukaa na wenzake, itabidi atafutiwe pengine.

"Hakuna pengine, mudira," mama akasema. "Nimeshazunguka kote. Mkimrudisha nyie atakaa ndani mpaka afike miaka ya skuli kubwa, na huko nako watamkataa kwa sababu alikaa ndani."

Alisema bila ya kulia. Mimi ndiye niliyetaka kulia, na mie mtu wa hasira si mtu wa machozi.

Msichana mwenyewe nikamwona mzuri, mashallah, nywele zimesukwa mbili, gauni linanukia udi. Hakunitizama uso. Alinitizama mikono. Akaenda moja kwa moja kwenye pembe ya vyombo vya kuchezea, vile visufuria na vikombe vya plastiki, akakaa akanipa mgongo. Alikula vyeupe tu: wali, mkate, mtindi. Asubuhi watoto wakikaa duara kwenye zulia kuimba, yeye anasimama mlangoni. Ndani ya wiki moja nikawa nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka na watoto saba, na mama yangu akaniwekea chai huku anajizuia kucheka.

Mara moja kwa mwezi, siku ya Jumanne, alikuja mtaalamu wa watoto kama hawa, msichana mdogo mwenye miwani na sauti ya taratibu. Yeye ndiye aliyenipa daftari. Kila ukurasa ameupiga mistari akagawa safu tatu. Ya kwanza, nini kilitokea kabla. Ya katikati, mtoto amefanya nini. Ya mwisho, nini kilifuata. Akaniambia, "Abla, usiandike unachofikiri. Andika unachokiona, na usiache safu yoyote."

Nikamwambia inshallah. Moyoni nikasema, huyu hajazaa bado, ndio maana ana nafasi ya safu tatu.

Basi nikaandika. Mtoto alikuwa na tabia moja iliyonikera kuliko zote. Alikuwa anachukua kitu, kikombe cha plastiki, boksi la kalamu za rangi, chupa ya maji, hata kiatu chake, anakitikisa mara mbili tatu kwa kifundo cha mkono, kulia kushoto, halafu anakiweka chini. Hapigi nacho mtu. Hakirushi. Anakitikisa tu. Na ukimwendea anakitikisa tena, kwa nguvu zaidi, na ukiendelea ndipo anapopiga ukelele unaotoboa masikio. Nilikwishasikia kwamba watoto kama hawa wana vitendo wanavyovirudia, mmoja anapepesa vidole, mwengine anazunguka. Nikasema huyu chake ni kutikisa. Safu ya katikati ikajaa: Saa tatu, anatikisa kikombe. Saa nne kasoro robo, anatikisa chupa. Saa nne, anatikisa tena. Safu ya kwanza na ya tatu nikaziacha nyeupe. Nini kilitokea kabla? Hakijatokea kitu. Nini kilifuata? Kelele. Ya nini kuandika kila siku?

Nitasema na hili, maana nikilificha hadithi haina maana. Siku moja watoto walikuwa duarani wanaimba, na mudira anawatembeza wazazi wapya. Mimi nimemkalisha msichana kwenye zulia kwa nguvu ya kumpakata, ili wageni waone. Akanyakua boksi la kalamu akatikisa. Kifuniko kikafunguka, kalamu zikawarukia watoto, mmoja akalia, wageni wakasimama kutizama. Nikapandwa na hasira. Nikamshika mikono yote miwili, nikaibana juu ya mapaja yangu, nikakaa nayo hivyo mpaka ikalegea. Hakupiga kelele. Nikaandika: Nimemshika mikono mpaka ameacha. Imesaidia.

Na kweli siku nne hakutikisa kitu. Nikajiona mwalimu. Sikuandika, kwa sababu hakukuwa na safu yake, kwamba siku zote hizo nne alikaa karibu na mlango na viatu vyake miguuni, uso ameuelekeza ukutani, na mtindi hakuugusa. Siku ya tano akachukua kikombe akatikisa, na mimi nikaandika kwa kukandamiza kalamu: Leo ameanza tena.

Ilipobaki wiki moja kabla ya likizo, Jumapili asubuhi, ndiyo siku ya mwanzo ya wiki huku, mudira akaliomba daftari. Akalifunua kurasa, moja baada ya moja, kidole chake kinashuka kwenye safu ya katikati. Anatikisa, anatikisa, anatikisa. Akaliweka mezani.

"Mimi sitaki kumrudisha mtoto wa watu," akasema. "Lakini umeandika wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Miezi yote hii hakuna jipya. Alhamisi nimemwita mama yake."

Nikatoka mle chumbani nimenyongea. Nilimkasirikia mudira, nikamkasirikia mtaalamu na safu zake, nikamkasirikia mtoto pia, ndiyo, naye, kwamba hakunipa hata kitu kimoja cha kuandika. Ajabu ya hasira, inamtafuta kila mtu isipokuwa mwenyewe.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia mama, bila ya kutaja jina la mtoto. Lakini mama yangu, ukimwambia mtaa na ofisi na rangi ya gari, anakwambia jina la babu. Akaniuliza maswali matatu, kisha akaweka kikombe chini.

"Bibi yake huyo mtoto mie nnamjua," akasema. "Tulisoma chuo kimoja cha Kurani, Malindi ya Unguja. Si amepatwa na kiharusi, miaka miwili sasa? Na wewe unashinda na mjukuu wake kila siku, hujanambia? Mgonjwa haendewi?"

Ndivyo tulivyokwenda Sib, kwao mtoto, Jumatatu baada ya alasiri, mimi naendesha na mama amepakata sahani ya mikate ya ufuta aliyoifunika kwa kitambaa. Kumtizama mgonjwa ni wajibu, nisingeweza kukataa hata ningetaka. Na sikutaka kukataa. Nilikuwa na hamu ya kumwona mtoto yule kwao, mahali asipokuwa mgeni. Mimi mdaku wa asili, sijifichi.

Nyumba ni zile za serikali za zamani, zimeongezwa chumba huku na chumba kule. Tukaingia chumba cha wanawake. Bibi amekaa kwenye kiti chenye mito, upande wake wa kulia umepooza, na sauti imekwenda na huo upande. Alipomwona mama yangu jicho lake moja likajaa maji. Mama akamkumbatia, wakakaa wameshikana. Mkono wa kushoto wa bibi ulikuwa na finjani tupu, kile kikombe kidogo cha kahawa kisicho na mkono, na hakukiacha hata wakati wa kukumbatiana. Msichana wangu alikuwa chini, amelala kifudifudi karibu na miguu ya bibi, anapanga mashada ya pembeni ya zulia, moja moja. Hakushtuka kuniona. Aliitizama mikono yangu, akarudi kwenye mashada yake.

Mama wa mtoto akaleta halua na kahawa, yeye mwenyewe amesimama na dele mkononi anatumiminia. Kwa asiyejua desturi ya huku, anayemimina kahawa hamwulizi mgeni kama anataka nyengine. Ukirudisha finjani hivi hivi tu, anakujazia. Ukirudisha tena, anakujazia tena, mpaka upasuke. Ukishatosheka unaitikisa finjani mara mbili tatu, kidogo tu, kulia kushoto, ndipo anaichukua. Husemi neno. Mimi nilifika Maskati nna miaka tisa, na kutikisa finjani nilikujua kabla sijaweza kusema sabahu lkheri. Nikanywa tatu, nikatikisa, akachukua. Wala sikufikiri.

Televisheni ilikuwa inasema kwenye pembe. Bibi akainua mkono wa kushoto akatikisa finjani tupu. Mama wa mtoto, bila ya kugeuka, akapunguza sauti. Tukaendelea. Mama yangu akaanza kumhesabia bibi watu wa Malindi, nani kafa, nani kaolewa mara ya tatu, nani yuko London na miguu inamuuma, na unajua mama akishika njia hiyo hateremki. Bibi akatikisa finjani. Mama akanyamaza, akacheka mpaka akajifuta macho.

"Haya mwenzangu, nimesikia," akasema. "Nimekuchosha."

Robo saa tu tumekaa, na mama yangu keshaijua lugha ya nyumba.

Halafu mama yangu akashuka chini kwa mtoto. Hawezi kumwona mtoto asimlishe. Akachukua kidonge cha halua akampelekea mdomoni, "njoo kwa bibi, njoo mwanangu," na mkono mwengine unamvuta. Msichana akajirudisha nyuma, akanyoosha mkono kwenye sinia, akachukua finjani iliyotumika, akaitikisa. Kulia kushoto, mara tatu, kidogo tu.

"Weka chini!" mama yake akamkatia. "Mara ngapi nimekwambia usimwigize bibi yako?" Akatugeukia uso umemwiva kwa haya. "Nisameheni. Ana tabia hii mbaya, anamwiga mgonjwa. Tumemkataza mpaka tumechoka. Watu wanadhani tumemfunza kumkejeli bibi yake."

Kidonge cha halua kilikuwa bado hewani, mkononi mwa mama yangu, na mtoto bado anamwelekezea finjani, anangoja. Nikamwuliza mama yake, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kuonekana anakitaka, ameanza lini.

"Tangu bibi alipotoka hospitali. Mimi nipo kazini, yeye anashinda naye hapa."

"Na anatikisa finjani tu?"

"Chochote, abla. Kiatu. Simu yangu. Huko skuli hafanyi?"

Nikasema anafanya. Nilikuwa na hofu kwamba nikifungua mdomo yatanitoka yote pale pale mbele ya mgonjwa, na sikuwa na hakika. Nilitaka iwe kweli na nilitaka isiwe.

Tukaingia ndani ya gari, tukatoka kwenye barabara ya soko. Kisha nikamwambia. Nikamwambia vikombe, kalamu, chupa, kiatu.

"Kwa hivyo mtoto kila siku anakwambia basi," mama akasema. "Na wewe unafanya nini?"

"Namwongezea," nikasema.

Mama alinipapasa goti, na hilo lilinichoma kuliko angenitukana.

Baada ya magharibi nikakaa na daftari kwenye meza ya jikoni, nikaanza kujaza safu ya kwanza ya miezi mitatu. Nini kilitokea kabla? Nilishangaa jinsi nilivyokuwa najua. Saa tatu, kikombe: duara linaanza, na nyimbo. Saa nne kasoro robo, chupa: mimi nimemtia gundi vidoleni tubandike pamba. Saa nne, tena: bado namtia gundi. Kiatu: ni siku ile aliyokuja mtu na kidude cha kupuliza mapovu, watoto ishirini wanapiga mayowe. Nilipojaza ukurasa mmoja nikaona macho yanafifia, nikadhani ni miwani. Siku nyengine nilizisahau kabisa. Anatikisa, saa tano, na mbele yake weupe mtupu, kitu alichokuwa akikikataa siku hiyo hakitojulikana tena na mtu yeyote.

Asubuhi yake ikawa Jumanne ya mtaalamu, Mungu alivyo. Nikamvuta pembeni kabla hajavua viatu. Nilizungumza haraka na vibaya, Kiarabu changu kikivurugika kwa hasira kinatoka na Kiswahili ndani yake. Hakunidharau. Alikunja miwani, akauliza, "Umelijaribu?"

Nilikuwa nimeleta finjani ya nyumbani ndani ya mkoba, nimeifunga kwa kitambaa. Tukaenda kwenye pembe ya vyombo, mtaalamu akakaa mbali nyuma ya rafu. Nikakaa chini mbele ya msichana, nikaweka finjani baina yetu, nikaanza kuimba ule wimbo wa asubuhi anaouchukia. Akaitizama mikono yangu. Akachukua finjani, akatikisa.

Nikanyamaza katikati ya neno.

Hakuniangalia machoni, sitaki kumtilia chumvi. Aliutizama mdomo wangu. Akangoja. Nikaimba tena, akatikisa, nikanyamaza. Nikaimba, akatikisa, nikanyamaza. Mara ya nne, kabla sijaanza, akanigusa mdomo kwa kidole kimoja, akaondoa kidole, akangoja niimbe. Nikaimba. Akatikisa. Nyuma ya rafu nikasikia mtaalamu anapumua kwa pua, namna ya mtu anayezuia kicheko au kilio.

Tukajaribu na mtindi. Kijiko cha kwanza akala, cha pili akala, cha tatu. Cha nne akatikisa, nikakirudisha bakulini. Siku zote nilikuwa namalizia bakuli kwa kumsukumia, maana nyumbani kwetu mtoto hasazi. Tukajaribu na gundi. Hapo hakungoja hata nifungue kifuniko.

"Siku moja si ushahidi," mtaalamu akaniambia baadaye, na akanifafanulia kwa upole kwamba mtoto bado ni yule yule, mambo mengi yatabaki kuwa mazito kwake kwa miaka, na atahitaji msaada wake, wangu na wa wengine. "Lakini ana neno moja na anajua matumizi yake. Tukiliheshimu hilo tutaweza kumfunza la pili. Andika, abla. Safu zote tatu."

Jumatano kikatokea kitu ambacho mpaka leo nakifikiria. Duara la asubuhi limeanza, na msichana amesimama mlangoni kama kawaida, finjani ya jana mkononi. Sikumwita. Akaja mwenyewe, akakaa ukingoni mwa zulia, nusu ndani nusu nje. Wimbo mmoja. Wa pili ulipoanza akatikisa, nikamtoa nje, tukakaa uani kivulini. Baada ya muda akainuka akarudi zuliani. Nikamfuata kwa mbali. Miezi mitatu nilikuwa namvuta aingie na hakuingia, na sasa anaingia kwa sababu anajua atatoka. Jambo lenyewe ni jepesi hivyo, na lilinipita.

Alhamisi mama wa mtoto alikuja na ile sura ya mtu aliyekwishapewa jibu baya mara mbili. Alikaa kwenye ncha ya kiti. Mudira alikuwa na kahawa yake mezani. Kabla hajasema, nikamwomba nianze mimi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na hamu ya kuzungumza.

Nikawaeleza yote. Ya Sib, ya finjani, ya Jumanne na ya Jumatano. Mudira akauliza swali moja, kavu, "Kwa nini hili halikuandikwa tangu mwanzo?"

"Kwa sababu nilidhani najua," nikasema.

Mudira akaitizama finjani iliyokuwa mbele yake. Huko kwao milimani kahawa inanyweka mara tatu kabla ya adhuhuri. Yeye pia alikuwa amepita darasani kila siku, amemwona mtoto anatikisa, na mkononi mwake mara nyingi alikuwa na finjani yake mwenyewe. Hakusema hayo. Alisema mtoto atabaki mpaka mwisho wa mwaka, na mwisho wa mwaka tutakaa tena kama tunavyokaa kwa kila mtoto. Akasema hakuna atakayemshika mikono. Akaniambia nijaze safu zote au nitafute kazi nyengine. Nikasema sawa.

Mama wa mtoto hakufurahi kama nilivyotazamia. Alishika kitambulisho chake, anakigeuza.

"Na mimi nyumbani namkataza," akasema mwishowe, kwa Kiswahili, kana kwamba mudira hayupo. "Namwambia weka chini. Namnyang'anya."

Kisha akaniomba daftari. Tukatoka, tukakaa ukumbini kwenye vile viti vya watoto, magoti yetu yamefika kifuani. Akafungua ukurasa wa mwanzo, akaweka kidole.

"Hapa alikuwa anakataa nini?"

"Nyimbo."

"Hapa?"

"Gundi."

"Na hapa?"

"Sikumbuki."

Akaenda hivyo ukurasa kwa ukurasa, hana haraka, ananiuliza kila mstari, na mimi namjibu kila mstari. Nilijua ukurasa ule unakuja. Nilitaka kulinyakua daftari nikakimbia nalo. Akafika. Akausoma kwa sauti: "Nimemshika mikono mpaka ameacha. Imesaidia."

"Nisamehe," nikamwambia. "Nilimziba mdomo mwanao."

Hakuondoa kidole kwenye mstari ule.

"Alinyamaza siku ngapi?"

"Nne."

Akafunua. Siku ya tano ilikuwa na mstari mmoja, nilioukandamiza mpaka wino umetokeza upande wa pili: Leo ameanza tena. Niliuandika na hasira zangu zote, kama mashtaka. Mama wa mtoto akausoma kimya, akapitisha kidole juu yake, akausoma tena.

"Alhamdulillah," akasema.

Akafunga daftari, akaniuliza kama anaweza kwenda nalo nyumbani kwa usiku mmoja, akamsomee bibi.